Kupanda kamomili mwitu Mombasa: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya huja kutoka Kisauni, Likoni, Tudor, Mji wa Kale na Nyali, na mengi huletwa na watu waliokwisha zoea kulea mrehani na asumini nyumbani, sasa wanataka kuongeza harufu nyingine. Naipenda sana kamomili na ningefurahi kuiona kwenye kila roshani ya mji huu. Lakini ni lazima ipandwe kwa msimu wake. Husifiwa kuwa ni mmea mgumu, ila ugumu wake ni wa kuvumilia baridi na udongo duni. Joto la Januari la Mombasa haliwezi, na unyevu wa Mei hauupendi.

Kamomili mwitu ni mmea gani hasa?

Jina lake la kisayansi ni Matricaria chamomilla. Kwenye pakiti nyingine utakuta Matricaria recutita, ni huohuo. Asili yake ni Ulaya ya kusini na mashariki pamoja na Asia ya magharibi, ambako huota wenyewe kandokando ya njia na katikati ya mashamba ya nafaka. Ni mmea wa msimu mmoja: huota, huchanua, hutoa mbegu, kisha hufa. Kimo chake ni kati ya sentimita 15 na 60. Majani yake yamechanikachanika hadi yakawa nyuzinyuzi, na ua lina petali nyeupe zilizozunguka kitovu cha manjano. Waarabu huliita babunaji.

Kuna magugu yetu ya Pwani ambayo watu huyachuma wakidhani ni kamomili. Kishona nguo ni mojawapo: lina petali chache nyeupe na kitovu cha manjano, ila mbegu zake nyeusi hung'ang'ania nguo na majani yake ni mapana. Maua ya kamomili hutengenezewa kinywaji, kwa hiyo kabla ya kunywa chochote, fanya jaribio hili. Chukua ua moja, lipasue kitovu kwa wembe kutoka kileleni hadi kwenye kikonyo, kisha tazama ndani. Kitovu cha kamomili mwitu kina uwazi, na ncha yake imechongoka kidogo. Kikiwa kimejaa nyama nyeupe, huo ni mmea mwingine. Ponda na jani ulinuse: harufu ya kamomili ni tamu, inakaribia ya tufaha. Baadhi ya jamaa zake huvunda, na mmoja wao, Anthemis cotula, huweza kuitoa ngozi malengelenge.

Kila mahali nasoma kwamba ni mmea mgumu usiokufa ovyo. Mbona wangu ulikauka?

Walioandika hivyo wengi wako Ulaya. Kwao adui wa mimea ni theluji na umande wa barafu, na kweli kamomili huistahimili baridi hata ikiwa bado miche. Hapa kwetu mtihani ni mwingine. Kuanzia Desemba hadi Machi, kaskazi ikivuma, joto la mchana hufika nyuzi 32 au 33 na usiku haupoi vya kutosha. Mmea ukipandwa wakati huo huharakisha kuchanua ukiwa bado mfupi, hutoa vijiua vichache, kisha hunyauka hata kama unaumwagilia kila siku. Ukipandwa Mei, mwezi wenye mvua nyingi kuliko yote hapa, mizizi huoza.

Watu wengi waliopoteza kamomili yao waliipoteza kwa tarehe. Mikono yao haikuwa na kosa.

Basi nipande mwezi gani?

Sia mbegu mwishoni mwa Mei au mwanzoni mwa Juni, mahali palipokingwa mvua. Miche ihamishwe Julai, masika yakiwa yamepungua na kipupwe kimeingia. Maua huanza baada ya wiki nane hadi kumi tangu kusia, kwa hiyo utachuma Agosti na Septemba. Hiyo ndiyo miezi ambayo kusi hutupoza: mchana nyuzi 27 au 28, usiku karibu 20 hadi 22. Kwa mizani ya kamomili bado ni joto, ila inavumilika.

Anayedhani jambo hili haliwezekani katika nchi ya joto aitazame Misri. Nchi hiyo ni miongoni mwa wauzaji wakubwa wa kamomili duniani, na kiangazi chake kinatisha kuliko chetu. Wakulima wake hungoja joto lipungue ndipo wasie, na maua huchumwa katika miezi ya baridi na mwanzo wa machipuko. Hawabishani na jua. Nasi tufanye vivyo hivyo na kipupwe chetu, ingawa ni kifupi.

Je, vuli? Oktoba na Novemba mbegu zitaota vizuri, lakini mmea utakomaa kaskazi ikiwa imeshika. Mimi simshauri mtu.

Mbegu nitapata wapi? Nikisia maua ya majani ya chai ya kamomili, yataota?

Tafuta kwenye maduka ya pembejeo na kwa wauza miche, na usome jina la kisayansi kwenye pakiti. Ukikuta Chamaemelum nobile, hiyo ni kamomili ya Kirumi: hutambaa, huishi miaka mingi na huhitaji ubaridi zaidi. Iachie watu wa Limuru.

Maua makavu ya dukani si ya kutegemewa, kwa kuwa huchumwa kabla mbegu hazijakomaa. Na kama una ndugu Ulaya au Uarabuni anayetaka kukuletea mbegu, kumbuka kwamba kuingiza mbegu Kenya kunahitaji kibali cha KEPHIS, shirika linalokagua afya ya mimea. Vibali hivyo vipo kuzuia magonjwa na magugu yasiingie nchini. Usizifiche kwenye sanduku.

Mbegu zenyewe ni kama vumbi. Zinasiwaje?

Gramu moja ya mbegu hizi ina maelfu ya punje, kwa hiyo ukizimwaga moja kwa moja zitaangukia mahali pamoja. Changanya kijiko kidogo cha mbegu na kikombe cha mchanga mkavu uliochekechwa, kisha nyunyiza mchanganyiko huo kwa vidole. Mchanga ukionekana umetapakaa sawasawa, na mbegu zimetapakaa.

Jambo la pili ndilo linalowaangusha wengi: usizifukie. Mbegu ya kamomili huhitaji mwanga ili iote. Lowesha udongo kwanza, nyunyiza mbegu juu, kisha zikandamize taratibu kwa kiganja au kwa kipande cha ubao zishikane na udongo. Basi. Ukizifunika kwa udongo hata nusu sentimita, nyingi hazitatoka.

Usimwagilie kwa kopo, maji yatazikusanya pembeni. Tumia chupa ya kupuliza, au weka trei yenye matundu ndani ya beseni lenye maji kidogo yapande yenyewe kutoka chini. Funika kwa karatasi ya nailoni inayopitisha mwanga, uifunue kila asubuhi hewa ibadilike. Weka trei penye mwanga lakini pasipopigwa na jua kali. Mwezi Juni jua letu hupita upande wa kaskazini, hivyo baraza inayotazama kusini hufaa sana. Ndani ya wiki moja hadi mbili utaona vijani vidogo. Angalia pia sisimizi: hubeba mbegu usiku kucha. Miguu ya meza ikae ndani ya mikebe yenye maji.

Miche imeota vizuri halafu ghafla inalala chini, shina limekuwa jembamba kama uzi. Ni nini?

Huo ni kinyausi. Huletwa na vimelea vya udongoni, navyo hustawi penye unyevu mwingi, hewa iliyosimama na miche iliyosongamana. Iliyoanguka haiponi, itoe na udongo wake. Iliyobaki ipunguze, ondoa nailoni, punguza maji, isogeze penye upepo. Safari ijayo tumia udongo uliomwagiwa maji ya moto ukaachwa upoe kabla ya kusia.

Nakaa ghorofani, nina roshani tu. Nitaweza?

Utaweza, na huenda ukamshinda mwenye shamba, maana chungu kinaweza kuhamishwa. Chungu au ndoo yenye kina cha sentimita 20 inatosha, ila matundu ya chini ni lazima. Panda miche mitatu au minne kwenye ndoo ya lita 20. Ardhini iachanishe kwa sentimita 15 hadi 20. Ihamishe ikiwa na kimo cha kidole gumba, jioni, pamoja na bonge la udongo wake. Miche mikubwa hukasirika ikihamishwa.

Roshani inayotazama mashariki ndiyo bora: inapata jua la asubuhi na kivuli kuanzia adhuhuri. Ile ya magharibi, yenye jua la alasiri linalopiga ukutani na kurudi, itahitaji pazia la makuti au neti ya kivuli. Kwa wanaokaa karibu na bahari, Nyali au Shelly, kusi huja na chumvi. Weka kizuizi upande wa upepo, hata kama ni mstari wa mirehani. Mrehani hauoni tabu, na harufu zao zinapatana.

Udongo wetu ni mchanga na mawe ya matumbawe. Si nitahitaji kununua udongo mweusi?

Hapana, na hili ndilo jambo linalonifurahisha zaidi kuhusu mmea huu. Huko Hungaria, kwenye mbuga za Hortobágy ambako udongo una magadi na chumvi kiasi cha kushinda mazao mengi, kamomili huota yenyewe, na watu wameichuma huko tangu zamani. Udongo wenye chokaa nyingi, kama wetu uliozaliwa na matumbawe, hauiogopeshi. Udongo mweusi mzito unaoshika maji ndio utakaoiua.

Kwa ndoo, changanya kopo mbili za udongo wa kawaida, kopo moja ya mchanga wa chengachenga (usitumie wa ufukweni bila kuuosha) na kopo moja ya mboji. Mboji ninayoipenda ni ya majani ya mvinje yaliyooza. Machimbo ya mawe ya saruji kule Bamburi yalikuwa matumbawe matupu hadi René Haller alipoanza kupanda miti mwaka 1971. Mvinje ulistahimili pale ambapo miti mingi ilishindwa, majani yake yakadondoka, lakini hayakuoza mpaka walipoletwa majongoo wakayala na kuyasaga. Udongo ukajengeka kidogo kidogo, na leo pale ni msitu uitwao Haller Park. Ukiwa na mvinje jirani, fagia majani, yarundike kivulini, yanyeshee, na ukiona jongoo humo usimuue.

Maji ya kisima chetu yana chumvi. Yatafaa?

Mmea uliokwisha kushika mizizi huvumilia maji yenye chumvi kiasi. Mbegu na miche midogo haivumilii. Kinga maji ya mvua ya Mei kwenye pipa lenye kifuniko, uyatumie kwa wiki za mwanzo. Baadaye ukitumia ya kisima, mara moja moja mwaga maji mengi yasiyo na chumvi yapite hadi chini ili yaoshe chumvi iliyokusanyika. Ukiona unga mweupe umejaa kwenye ukingo wa chungu, muda wa kuosha umefika.

Mwagilia asubuhi, shinani, na usubiri udongo wa juu ukauke ndipo umwagilie tena.

Niweke mbolea gani?

Karibu hakuna. Samadi nyingi au mbolea ya chumvichumvi huleta majani manene na maua machache, na wadudu pia. Mboji uliyochanganya mwanzo inatosha.

Vilele vimejaa wadudu wadogo wa kijani. Nipulize dawa?

Hao ni vidukari. Kumbuka maua haya utayanywa, kwa hiyo weka mbali dawa za dukani. Pigisha vilele maji ya nguvu kwa siku kadhaa mfululizo, asubuhi. Wakizidi, pondaponda majani ya muarobaini, yaloweke usiku kucha, chuja, ongeza sabuni kidogo ya kipande, upulize jioni, lakini kabla maua hayajafunguka tu. Muarobaini ni mchungu, na ua lililopulizwa litaharibu birika zima. Ukiona vidukari wamejaa sana, jiulize ulitia samadi kiasi gani.

Unga mweupe juu ya majani ni ubwiri unga. Kata sehemu iliyoshikwa, achanisha mimea, usiyaloweshe majani.

Nichume lini na vipi?

Siku ya kuchuma ni ile petali zinapokuwa zimenyooka kabisa au zimeanza tu kuinama. Zikiwa bado zimesimama kama kikombe ni mapema; zikiwa zimeangukia shingoni na kitovu kimeanza kumomonyoka umechelewa. Chuma asubuhi umande ukishakauka, kama saa tatu au nne, jua halijafika utosini.

Panua vidole, viingize chini ya maua huku vikonyo vikipita katikati, kisha vuta juu. Maua yatabaki kiganjani na majani yatabaki mtini. Rudi kila baada ya siku mbili tatu, kwa maana ukichuma, mmea huchanua tena. Ukiacha mbegu zikomae, huona kazi yake imekwisha.

Kukausha kunanishinda, maua yanaota ukungu. Nifanyeje?

Hewa ya Mombasa ina maji, hapo ndipo penye ugumu. Watu hujibu kwa kuyaanika juani juu ya paa, na harufu yote hupaa, rangi ikafifia. Yatandaze kivulini kwenye uteo au kitambaa cha chandarua kilichowambwa, safu moja tu, ua lisipande juu ya ua. Chumba kiwe kikavu, madirisha wazi mchana na yafungwe usiku, pangaboi likizunguka polepole. Ukitumia oveni, isizidi nyuzi 40.

Petali hukauka mapema na kukudanganya. Kilicho cha mwisho kukauka ni kitovu. Chukua ua, liminye katikati ya kidole gumba na cha shahada: likisagika likawa unga, tayari. Likibonyea na kubaki, lirudishe. Weka kwenye chupa ya kioo yenye kifuniko kinachobana, kabatini gizani. Baada ya siku tatu nne ifungue uinuse. Ukisikia harufu ya kuvundika, yatoe yote uyakaushe upya, na ukiona ukungu yatupe. Yaliyokauka vizuri hukaa mwaka mmoja yakiwa na harufu yake.

Nitengeneze vipi kinywaji chake? Kuna asiyefaa kunywa?

Kijiko kimoja cha chakula cha maua makavu, kikombe kimoja cha maji yaliyochemka. Mimina, funika kwa kisahani, ngoja dakika tano hadi kumi, chuja. Kufunika ni lazima, mvuke unaopotea ndio wenye mafuta. Usiyachemshe maua motoni. Ukitaka tia asali au kijipande cha tangawizi. Iliki mimi naona huimeza harufu.

Mwenye mzio wa mimea ya jamii ya alizeti na daisi aiepuke. Anayetumia warfarin au dawa nyingine ya kuzuia damu kuganda asinywe bila kuongea na daktari wake. Mjamzito aulize kliniki kwanza. Na mtoto mchanga asipewe kabisa, hata kijiko kimoja cha kutuliza tumbo: miezi sita ya mwanzo ni maziwa ya mama tu. Najua bibi zetu wana maji yao ya kuchemsha, na nawaheshimu, lakini katika hili naomba tuwasikilize wauguzi. Asali nayo ni mwiko hadi mtoto atimize mwaka.

Nimesikia kuna kamomili inayonukia nanasi. Ni kweli?

Kweli. Inaitwa Matricaria discoidea. Haina petali nyeupe, ina kitovu cha kijani kinachoelekea manjano tu, na ukikiponda hunukia nanasi. Asili yake ni Asia ya kaskazini mashariki na magharibi mwa Amerika ya Kaskazini. Ni shupavu kuliko nduguye: huota katikati ya njia, watu wakaikanyaga, na ikaendelea. Ukipata mbegu, isie kwa utaratibu uleule, bila kuifukia, mwezi uleule.

Mbona mafuta ya kamomili ni ya buluu na ua ni jeupe na manjano?

Ndani ya ua hakuna rangi ya buluu. Kuna kitu kinachoitwa matrisini, hakina rangi. Maua yanapopitishiwa mvuke wa moto kutoa mafuta, joto hukigeuza kuwa kamazulini, na hiyo ndiyo buluu. Kwa hiyo maua uliyoyaloweka kwenye mafuta ya nazi nyumbani hayatakupa buluu, na hilo si dalili ya ubaya. Yatakupa mafuta yenye harufu nzuri ya kupaka, na yanatosha.

Naweza kufanya biashara ya maua makavu?

Kwa Mombasa, sidhani. Unahitaji takriban kilo tano za maua mabichi upate kilo moja kavu, na kila ua ni jepesi ajabu na huchumwa kwa mkono. Mkulima wa nyanda za juu ana miezi mingi ya ubaridi, wewe una mitatu. Ukitaka kuuza, uza miche ya ndoo mwezi Julai, ikiwa imeanza kutia vitumba. Watu wa mji huu hununua harufu.

Msimu ukiisha nifanye nini na mimea?

Acha mimea miwili mitatu iliyo na afya usiichume tangu mwishoni mwa Agosti. Vitovu vikigeuka hudhurungi na kumomonyoka ukivigusa, vikate asubuhi pasipo upepo, vitie kwenye mfuko wa karatasi, vitikise. Pepeta polepole. Weka mbegu kwenye chupa ndogo pamoja na kifuko cha mchele uliokaangwa mkavu ukapoa, kwa kuwa mchele huo huvuta unyevu. Funga, andika mwezi na mwaka, weka friji sehemu ya chini hadi Mei.

Mimea iliyobaki ing'oe, ikatekate, iingize kwenye rundo la mboji. Udongo wa ndoo unaweza kuutumia mara moja kwa mrehani au mchicha, maana hivyo haviogopi kaskazi.